Kushinda sarafu na kuukataa mpira

Tarehe 24 Novemba 2002, katika mji wa Champaign, jimbo la Illinois, Detroit Lions na Chicago Bears walimaliza dakika 60 wakiwa sare, 17-17. Manahodha wakaitwa katikati ya uwanja, sarafu ikarushwa, Lions wakashinda. Desturi ya NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, wakati huo ilikuwa moja tu: ukishinda sarafu unaomba mpira. Kocha wa Lions, Marty Mornhinweg, yeye akachagua upepo. Aliona heri wapinzani waanze na mpira, ilimradi vijana wake wacheze wakisukumwa na upepo mgongoni. Bears wakaupokea mpira, wakasogea nao, wakapiga teke la pointi tatu, mechi ikaisha 20-17. Washambuliaji wa Lions hawakuugusa mpira hata mara moja. Mornhinweg alichekwa Marekani nzima, na hadi leo wapo wanaomcheka.

Nadhani apunguziwe kicheko. Siku hizi wapo makocha wanaoshinda sarafu na kumwachia mwenzao aanze, na wachambuzi wanawaita werevu. Sarafu ni ileile. Kilichogeuka ni kanuni, na safari ya kuigeuza imechukua nusu karne.

Ili uielewe safari hiyo, weka soka pembeni kidogo. Kwenye soka mpira ni wa anayeuwahi. Anayeuanzisha katikati ya uwanja anaweza kunyang'anywa sekunde ya tatu, kwa hiyo kuanza si jambo la kugombania. Ndiyo maana bao la dhahabu, yaani anayefunga kwanza katika muda wa nyongeza kashinda, liliweza kuvumilika: Laurent Blanc alipowatoa Paraguay kwa bao hilo kwenye Kombe la Dunia la 1998, Paraguay nao walikuwa na nafasi ileile ya kulitafuta.

Mpira wa Kimarekani unachezwa kwa zamu. Timu yenye mpira inapewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikifika, inapewa manne mengine. Ikishindwa, mpira unakwenda upande wa pili. Ikiuingiza katika eneo la mwisho la wapinzani inapata pointi 6, na hiyo ndiyo tachidauni. Baada yake kuna jaribio moja la nyongeza: pointi 1 kwa teke, au 2 kwa kuuingiza tena kwa mkono. Wakikwama njiani lakini wamekaribia, mpigaji wao anaweza kuupitisha mpira kati ya nguzo mbili kwa pointi 3. Tena, wanaoshambulia na wanaolinda ni watu tofauti kabisa. Kikosi kimoja kikiwa kazini, kingine kiko benchi kinakunywa maji.

Aliyewahi kucheza bao anaijua hali hii. Mwenzako anasambaza kete, anakula, anazidi kusambaza, nawe huna la kufanya ila kungoja alale. Sasa fikiria kuna kanuni inayosema mchezo umekwisha kabla hajalala, na zamu yako haitafika.

Hiyo ndiyo kanuni ambayo NFL iliileta kwenye msimu wa kawaida mwaka 1974: dakika 15 za nyongeza, anayepata pointi za kwanza kashinda. Kwenye mechi za ubingwa ilikuwapo tangu zamani. Fainali ya 1958, Baltimore Colts walipowafunga New York Giants 23-17, iliamuliwa hivyo, na Wamarekani wengi wanaikumbuka kama mechi iliyoutangaza mchezo huo kwenye televisheni. Haikuwa na ubaya mkubwa mwanzoni, kwa sababu teke la mbali lilikuwa la kubahatisha. Lakini wapigaji waliendelea kunoa miguu mwaka hadi mwaka, na mwaka 1994 ligi ikarudisha nyuma mahali pa kupigia teke la kuanzia, kutoka yadi ya 35 hadi ya 30, hivyo anayepokea akawa anaanza karibu zaidi na lango la mwenzake. Polepole sarafu ikawa mchezaji wa kumi na mbili.

Mwiba ulichoma Januari 2010. Minnesota Vikings, wakiongozwa na mkongwe Brett Favre, walitoka sare ya 28-28 na New Orleans Saints katika mechi ya kugombea tiketi ya Super Bowl, fainali ya ligi. Saints wakashinda sarafu, wakasogea kiasi, Garrett Hartley akapiga teke la yadi 40. Favre alitazama yote hayo akiwa pembeni. Miezi miwili baadaye wamiliki wa timu walipiga kura, 28 kwa 4, kwamba katika hatua ya mtoano teke la pointi tatu kwenye zamu ya kwanza lisimalize mechi. Mwenzake apate nafasi ya kujibu. Tachidauni, hata hivyo, ikaendelea kumaliza kila kitu papo hapo. Msimu wa kawaida ukaifuata kanuni hiyo mwaka 2012.

Ilikuwa tiba nusu. Mwaka 2017 Atlanta Falcons waliongoza Super Bowl 28-3, New England Patriots wakasawazisha, wakashinda sarafu, wakaenda moja kwa moja hadi tachidauni. Kisha ikaja Januari 2022, Kansas City Chiefs na Buffalo Bills. Pointi 25 zilipatikana katika dakika mbili za mwisho za muda wa kawaida; Chiefs waliupata mpira wakiwa wamebakiwa na sekunde 13 tu za kucheza, na bado wakasawazisha. Kwotabeki wa Bills, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi, Josh Allen, ambaye usiku ule hakuna aliyemzuia, akachagua mkia. Sarafu ikaonyesha kichwa. Chiefs wakafunga tachidauni, 42-36, na Allen hakurudi uwanjani. Hesabu zikatolewa: tangu 2010, mechi 12 za mtoano zilikwenda muda wa nyongeza, na 10 zilichukuliwa na walioshinda sarafu. Machi hiyo wamiliki wakapiga kura tena, 29 kwa 3: kwenye mtoano kila timu lazima iupate mpira, hata wa kwanza akifunga tachidauni.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka, na wengi hawakuona. Ikiwa zote mbili zina uhakika wa zamu, anayecheza wa pili anajua deni lake. Mwenzake akikosa kabisa, pointi yoyote inamtosha. Akipata 3, anajua kwamba 3 zitamsawazisha na 6 zitampa mechi. Na akidaiwa, jaribio la nne halimpi shida ya kufikiri: badala ya kuupiga mpira mbali na kuusalimisha, anacheza, kwa sababu akiusalimisha kashindwa. Wa kwanza anafanya hesabu zake gizani. Hata zikifungwa tachidauni mbili, wa pili anaweza kuacha teke la pointi 1 na kujaribu 2, amalize kazi hapohapo.

Mtihani wa kwanza wa kanuni hii ulikuwa mkubwa kuliko yote: Super Bowl ya Februari 2024, Las Vegas. San Francisco 49ers walishinda sarafu wakiwa 19-19 na Chiefs, wakaomba mpira. Kocha wao Kyle Shanahan alieleza baadaye kwamba aliitaka zamu ya tatu: kila upande ukishacheza mara moja na bado ni sare, anayepata pointi yoyote anashinda, na zamu ya tatu ingekuwa yao. Hoja ina akili. Lakini ili zamu ya tatu ije, lazima ya pili isikumalize. Wakiwa yadi 9 tu kutoka mstarini, jaribio la nne, 49ers walipiga teke, 22-19. Chiefs nao walifika jaribio lao la nne wakiwa bado ndani ya nusu yao ya uwanja. Kwotabeki wao Patrick Mahomes, akijua hana cha kupoteza, alikimbia na mpira yadi 8. Zamu hiyohiyo iliishia kwa tachidauni zikiwa zimebaki sekunde 3 za kipindi, 25-22. Baadhi ya wachezaji wa 49ers walikiri kwamba hawakuijua kanuni mpya. Wale wa Chiefs walisema walikuwa wakiijadili tangu kambi ya kujiandaa na msimu. Kwangu hiyo ndiyo aibu ya usiku ule, kuliko uchaguzi wenyewe.

Mwaka 2025 uhakika wa zamu uliletwa pia kwenye msimu wa kawaida, ila saa haikuongezwa. Mtoano huchezwa kwa vipindi vya dakika 15 hadi mshindi apatikane. Msimu wa kawaida una dakika 10 tu tangu 2017, na zikiisha zimeisha, hata kama mwenzako hajamaliza zamu yake. Tarehe 28 Septemba 2025 Dallas Cowboys walianza na mpira, wakapata 3. Green Bay Packers wakajibu kwa zamu iliyochelewa kiasi kwamba teke lao la kusawazisha, yadi 34, lilipigwa saa ikiisha. Sare ya 40-40, na mashabiki wakatoka uwanjani wakiwa kama watu waliosimamishiwa harusi.

Yako mambo mawili ambayo bado yanaweza kumaliza mechi ndani ya zamu ya kwanza. Walinzi wakinasa mpira katika zamu ya kwanza na kukimbia nao hadi tachidauni, mechi imeisha. Wakimwangusha mwenye mpira ndani ya eneo lake mwenyewe la mwisho, wanapata pointi 2 na mechi imeisha vilevile.

Super Bowl huanza saa nane na nusu usiku kwa saa za Afrika Mashariki, kwa hiyo muda wa nyongeza utakukuta alfajiri, macho mazito. Usilale wakati wa sarafu. Msikilize nahodha aliyeshinda anachagua nini: akiomba mpira, mwangalie kocha wake ikifika jaribio la nne.