Pai ya mabibo, gamba la korosho

Kuanzia Oktoba hadi Desemba, korosho za Newala na Masasi hupimwa kwenye mizani ya chama cha msingi, zikaingia ghalani chini ya vyama vikuu vya ushirika, TANECU au MAMCU, na kusubiri mnada. Bibo lililoibeba korosho, lenye uzito wa mara 5 hadi 10 ya korosho yenyewe, halina mnada. Kiasi fulani hukaushwa kikawa kochoko, kingine huishia kuwa uraka, yaani pombe ya mabibo, na mengi huozea chini ya mikorosho. Ninaamini kwamba tunda hili linafaa pia kuingia ndani ya pai, pale ambapo Wazungu na Wamarekani huweka epo.

Epo limekubalika kwenye pai kwa sababu nyama yake haipondeki upesi motoni, lina uchachu, na lina pektini inayofanya rojo lishikane. Bibo halina ugumu huo. Ni laini, limejaa maji, na ukakasi wake hukamata koo. Lakini harufu yake epo haliwezi kuifikia, na vitamini C iliyomo ni mara kadhaa ya ile ya chungwa, ingawa sehemu yake hupotea kwenye moto. Ugumu na uchachu tunaweza kuuazima kwa embe bichi, ambalo katika miezi hiyohiyo limejaa kwenye miembe ya Masasi.

Ukakasi unatokana na tanini. Tanini hujishikiza kwenye protini za mate, mate yakapoteza utelezi wake, ndipo ulimi unapokauka. Nyingi imo kwenye ngozi ya tunda, kwa hiyo menya kwanza. Kisha chemsha vipande kwa dakika 5 kwenye maji yenye chumvi, gramu 20 kwa kila lita, umwage maji hayo, usuuze na ukamue kwa mkono. Mabibo yawe ya siku hiyohiyo, yasiyopasuka, kwa sababu yakilala huanza kuchachuka. Na vaa nguo ya kazi: maji yake yakikauka kwenye kitambaa huacha madoa yasiyotoka.

Kwa kilo 1 ya mabibo weka maembe mabichi 2 yaliyokatwa vipande vyembamba, gramu 120 za sukari, hiliki, mdalasini kidogo na vijiko 3 vya wanga wa muhogo. Bandika jikoni mpaka rojo liwe zito, kisha epua lipoe kabisa. Ukilimimina la moto, siagi ya gamba la juu itayeyuka kabla unga haujashikamana.

Kwenye gamba ndipo wilaya hizi zina utajiri wa kuonewa wivu. Karibu nusu ya uzito wa korosho iliyobanguliwa ni mafuta, kwa hiyo korosho iliyotwangwa hufanya kazi ya unga na kupunguza siagi kwa wakati mmoja. Chukua gramu 200 za unga wa ngano, gramu 100 za korosho, gramu 80 za siagi baridi na chumvi kidogo. Vipande vilivyovunjika vinatosha, tena bei yake ni ndogo. Twanga kidogokidogo, maana ukizidisha mafuta hutoka na korosho ikawa uji. Fikicha siagi ndani ya unga kwa ncha za vidole, kisha kusanya donge kwa vijiko 3 au 4 vya maji baridi bila kulikanda. Ngano ikikandwa hujenga gluteni, inayofaa chapati lakini hulifanya gamba la pai kuwa gumu.

Mwenye makopa yaliyoandaliwa na kukaushwa vizuri anaweza kubadilisha robo ya ngano kwa unga wa muhogo. Muhogo hauna gluteni, kwa hiyo gamba litakuwa la kuvunjikavunjika na halitakubali kusukumwa. Libonyeze kwa vidole moja kwa moja kwenye chombo.

Jambo moja halina mjadala: korosho iwe imebanguliwa tayari. Kuchoma korosho yenye ganda ndani ya jiko la nyumbani ni hatari, kwa kuwa mafuta ya ganda huunguza ngozi na moshi wake huumiza macho na kifua. Na mgeni aulizwe mapema kama korosho humdhuru.

Kwa sababu bibo lina maji, oka gamba la chini likiwa tupu kwa dakika 15, ulipake ute wa yai, ndipo ujaze. Asiye na oveni apalie makaa juu na chini ya sufuria kama kwa mkate wa kumimina, ila makaa ya juu yawe machache, maana korosho huungua upesi kuliko ngano. Januari ikipita na mabibo kwisha, kochoko iliyolowekwa usiku kucha hufaa pamoja na papai bichi, lakini papai halina uchachu, hivyo ongeza ndimu au maji ya ukwaju. Usiikate pai ikiwa ya moto. Wanga wa muhogo hushika ukipoa, na ukiisubiri saa 2 kipande kitatoka kizima.