Udongo ndio tangi la kwanza la maji Migwani

MVUA ya Oktoba inapoanza kunyesha Migwani, katika kaunti ya Kitui, maji yanayoteremka kwenye mito mikavu huwa mekundu. Wekundu huo ni udongo wa mashambani.

Tabaka la juu la udongo ndilo lenye uhai. Humo mna minyoo, mchwa na viumbe wasioonekana kwa macho, ambao huozesha majani na samadi na kuvigeuza kuwa chakula cha mimea. Viumbe hao pia huacha vijitundu vinavyopitisha maji. Sentimita moja ya tabaka hilo yaweza kuchukua mamia ya miaka kufanyika, na mvua chache kubwa zatosha kuiondoa.

Hatari huzidi mwishoni mwa kiangazi. Mifugo imekwisha kula nyasi, miti imekatwa kwa ajili ya makaa, na ardhi i tupu. Matone mazito huipiga hadi uso wake ukafungana kama sakafu, maji yakakosa pa kuzama. Hivyo kunde na pojo zaweza kunyauka majuma machache baadaye, ilhali mvua haikuwa haba.

Ukambani tatizo hili si geni. Serikali ya kikoloni iliilaumu mifugo, na ilipoipunguza kwa nguvu huko Machakos mwaka wa 1938, Muindi Mbingu aliongoza maelfu ya Wakamba hadi Nairobi kulalamika. Kilichokubalika baadaye ni matuta ya "fanya juu", yaliyochimbwa na wenyeji wenyewe, aghalabu kwa vikundi vya mwethya. Mtaro hukata mteremko, udongo wake hutupwa upande wa juu, na nyasi hupandwa kwenye tuta ili zilishikilie.

Tangu miaka ya 1990, shirika la Sasol limesaidia jamii za Kitui kujenga mamia ya mabwawa ya mchanga. Ukuta hujengwa juu ya mwamba mtoni. Mafuriko huujaza mchanga, na maji hubaki katikati ya chembe zake, mbali na jua.

Hata hivyo, bwawa hilo hutegemea mashamba yaliyo juu yake. Yasipokuwa na matuta, mafuriko huleta udongo laini wa mfinyanzi, ambao hushika maji lakini hauyaachilii kwa urahisi. Bwawa huonekana limejaa, na mtungi hurudi nyumbani mtupu.