Msamiati wa bahari si mali ya watu wa Pwani pekee

Walimu wa Kiswahili wa Meru na Embu hunitupia swali hili kila tunapokutana warshani: mwanafunzi aliyezaliwa chini ya Mlima Kenya, asiyewahi kuona ngalawa, ana haja gani ya kukaririshwa bamvua, kilindi na bildi? Si afadhali afunzwe msamiati wa kahawa, majani chai na miraa? Swali ni halali. Hata hivyo, limejengwa juu ya dhana mbili nisizokubaliana nazo: kwamba bahari haituhusu sisi wa bara, na kwamba maneno hayo ni mapambo ya mashairi tu, hayana kazi katika sayansi.

Tuanze na dhana ya kwanza. Masimulizi ya asili ya Wameru yanaanzia baharini. Wazee husimulia kuhusu Mbwaa, walikotawaliwa na Nguuntune, yaani watu wa nguo nyekundu, hadi walipotoroka na maji yakagawanyika wakapita. Mwanahistoria Mmarekani Jeffrey Fadiman, aliyeyachambua masimulizi hayo katika kitabu chake cha mwaka 1993, anaielekeza Mbwaa upande wa Lamu. Wapo wanaoona mkono wa Biblia katika kisa hiki, na mjadala haujaisha. Lakini yeyote aliyeishi Pwani anajua kuna mahali ambapo mtu huvuka kwa miguu na saa sita baadaye dau linaelea papo hapo.

Huko ndiko kujaa na kupwa kwa maji, na hapo ndipo dhana ya pili inapoporomoka. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua, mwezi na dunia hukaribia kuwa katika mstari mmoja. Mvutano wa jua na wa mwezi huungana, maji yakajaa sana na kupwa sana. Hiyo ndiyo bamvua. Mwezi ukiwa nusu, mvutano wa jua huupunguza ule wa mwezi, na tofauti ya kujaa na kupwa huwa ndogo. Hayo ni maji mafu. Isaac Newton alieleza chanzo cha mambo haya mwaka 1687. Mvuvi wetu, ambaye hakumsoma Newton, huzijua siku hizo kwa kuhesabu tarehe za mwezi.

Hebu tutazame kina pia. Meli ya Uingereza, HMS Challenger, ambayo safari yake ya 1872 hadi 1876 huhesabiwa na wengi kuwa mwanzo wa sayansi ya bahari, ilipima vilindi kwa kushusha kamba yenye uzito mwishoni. Mwaka 1875, magharibi mwa Pasifiki, kamba ilishuka pima 4,475, zaidi ya kilomita 8. Nahodha wa jahazi naye ana kifaa cha namna hiyo, bildi, na kipimo chake ni pima, urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Siku hizi kina hupimwa kwa mwangwi: sauti hutumwa chini, kisha muda wa kurudi kwake huhesabiwa. Kwani kuna mtoto wa mabonde ya Meru asiyejua mwangwi?

Hata viumbe wa vilindini walikuwa na majina kabla ya wanasayansi kufika. Mwaka 1938 dunia ilishangazwa na samaki aliyevuliwa Afrika Kusini, wa jamii iliyodhaniwa kutoweka zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita. Wavuvi wa Komoro, ambao lugha yao ni ndugu ya Kiswahili, wao humwita gombessa. Mwaka 2001 mmoja alinaswa karibu na Malindi.

Kinachonikera ni kwamba utajiri huu tunauacha kwenye kamusi. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi (KMFRI) ipo Mombasa tangu mwaka 1979, lakini matokeo ya utafiti wa bahari huandikwa zaidi kwa Kiingereza. Mvuvi mwenye neno hana ripoti. Msomi mwenye ripoti hana neno.

Sasa turudi mlimani. Maji ya Kathita ya Meru na Rupingazi ya Embu huishia katika Mto Tana, nao Tana humwaga maji na mashapo yake katika Ghuba ya Ungwana. Udongo unaomomonyoka shambani kwetu unaweza kuishia baharini, au ukakwama njiani na kupunguza kina cha mabwawa kama Kamburu na Kiambere.

Basi ushauri wangu kwa walimu ni huu: msifunze bamvua kama orodha ya kukariri. Ifunzeni pamoja na mwalimu wa sayansi, mkiwa na kalenda ya mwezi mkononi. Wapelekeni wanafunzi mtoni wakapime kina kwa kamba na jiwe, waandike majibu kwa pima na kwa mita. Atakayefanya hivyo hataniuliza tena bahari inamhusu nini.