Maji ya Ruaha Huanzia Ihefu

Ukifika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwezi Septemba au Oktoba, utaukuta Mto Ruaha Mkuu umebaki mchanga mtupu kwa masafa marefu. Tembo hukwangua mchanga kwa mguu wa mbele, akaingiza mkonga shimoni na kungoja maji yajikusanye. Akiondoka, nyani na ngiri husogelea shimo lile lile. Viboko hawawezi hilo. Wao husongamana kwenye madimbwi machache yaliyosalia, maji yakageuka tope la kinyesi chao wenyewe.

Watalii wengi hudhani ndivyo kiangazi kilivyo siku zote. Sivyo. Mto huu ulitiririka mwaka mzima mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Tangu 1993 umekuwa ukikauka ndani ya hifadhi karibu kila mwaka. Chanzo cha kukauka huko kiko juu ya mto, katika bonde la Usangu.

Mbarali, Kimani, Chimala na mito mingine hushuka kutoka milima ya Kipengere na Uporoto, ikamwaga maji katika ardhioevu ya Ihefu. Maji hayo hutoka Ihefu kupitia Ng'iriama, penye kizingiti cha mwamba. Kina cha Ihefu kikiwa juu ya mwamba, Ruaha inatiririka. Kikishuka chini yake, hata kwa shubiri moja, mto hukatika ingawa Ihefu yenyewe bado ina maji, kama mtungi uliopungua usioweza kufurika. Ndiyo maana upungufu mdogo wa kiangazi huleta madhara makubwa: maji machache yanayoingia huishia kufidia yale yanayokaushwa na jua.

Nani anayachukua? Sehemu kubwa hupita kwenye mabanio, yaani malango yanayochepusha maji ya mto, kwenda mashamba ya mpunga. Masika maji huwatosha wote. Taabu huja baada ya mavuno, banio likiachwa wazi na maji yakizama katika mifereji ya udongo bila kufikia mmea wowote. Mkulima wa Mbarali analisha nchi, na sioni haki kumfanya adui wa tembo. Anachohitaji ni mfereji usiovuja na banio linalofungika.

Mwaka 2008 serikali iliingiza Usangu na Ihefu ndani ya hifadhi, eneo lake likapita kilomita za mraba 20,000. Hatua hiyo iliwagharimu watu makazi na malisho, na machungu yake hayajaisha. Tena mpaka wa hifadhi hauzuii kinachotendeka mabanioni, nje yake. Wala maji haya si ya wanyama na mpunga tu: yakifika chini huingia mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu, kisha Mto Rufiji.

Basi nendeni Ruaha, na mwende kiangazi, wanyama wanapokusanyika mtoni. Kiingilio hulisaidia Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, kulinda hifadhi, lakini msiishie hapo. Laleni Tungamalenga, kijiji kilicho njiani kutoka Iringa, fedha zenu ziwafikie watu wanaoishi jirani na simba na tembo. Huko Idodi na Pawaga, wanavijiji wametenga ardhi yao kwa ajili ya wanyamapori kupitia jumuiya yao, MBOMIPA. Na mwenye uwezo wa kuchangia zaidi, aanzie kwa jumuiya za watumiaji maji kule Mbarali. Wao ndio hukaa na wakulima kupanga zamu, na kukubaliana banio lipi lifungwe lini na kiasi gani kiachwe mferejini kwa matumizi ya nyumbani.