MATUMIZI YA DATA ZA INTANETI MAJUMBANI: MAELEZO KWA WATUMISHI NA WAKAZI

Wakazi wa Kata ya Kibaoni, katika Halmashauri ya Mji wa Ifakara, pamoja na watumishi wa umma wanaoishi humo, hutumia intaneti ya nyumbani kwa njia ya vifurushi. Manung'uniko yanayosikika mara kwa mara ni kwamba kifurushi kilichonunuliwa kwa wiki nzima kimekwisha siku ya tatu. Mtumishi anayepaswa kujaza kazi zake katika mfumo wa PEPMIS hujikuta hana data, na aghalabu hudhani ameibiwa. Pengine ameibiwa kweli. Lakini kabla ya kulalamika yafaa afahamu hesabu yenyewe.

Ukubwa wa data hupimwa kwa baiti. Megabaiti moja ni baiti milioni moja, na gigabaiti moja ni megabaiti 1,000 (baadhi ya vifaa huhesabu 1,024). Kasi ya mtandao, kwa upande mwingine, hupimwa kwa biti, na baiti moja ina biti 8. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Kasi ya megabiti 10 kwa sekunde si megabaiti 10, bali ni megabaiti 1.25 tu. Hata hivyo, kasi hiyo ikitumika mfululizo kwa saa moja humaliza gigabaiti 4.5. Kwa hiyo kasi kubwa si akiba. Ni bomba pana zaidi la kumwagia maji yale yale.

Maandishi hula data kidogo mno. Barua pepe isiyo na kiambatisho au fomu ya kujazwa katika mfumo wa Serikali haiwezi kumaliza kifurushi. Kinachomaliza ni picha za video. Video inayopita kwa megabiti 2 kwa sekunde hutumia megabaiti 15 kila dakika, yaani megabaiti 900 kwa saa. Mwanafunzi wa kidato cha nne anayefuatilia somo la Fizikia kwa saa moja na dakika chache atakuwa amemaliza gigabaiti nzima. Ubora wa picha ukipunguzwa, somo hilo hilo husomeka kwa sehemu ndogo ya data hizo, na ubao wa mwalimu bado huonekana.

Yapo pia matumizi yasiyoonekana. Simu na kompyuta hujisasisha zenyewe, hupeleka picha kwenye hifadhi ya mbali, na hupakua kila video inayotumwa katika kundi la ukoo au la harusi. Simu tano zikiunganishwa kwenye ruta moja, zote hufanya hivyo hata wenyewe wakiwa wamelala. Hapana budi mwenye nyumba azime upakuaji wa moja kwa moja katika kila simu, na abadilishe neno la siri la ruta iwapo majirani wamelizoea.

Kuhusu vifurushi vinavyoitwa "bila kikomo", neno hilo lisomwe kwa tahadhari. Mara nyingi huwepo kiwango ambacho kikifikiwa kasi hupunguzwa hadi mwisho wa mwezi. Intaneti haikatiki, lakini video hukwama. Mnunuzi aulize kiwango hicho kabla ya kulipa.

Masharti ya vifurushi yaliyotolewa mwaka 2021 na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) yalielekeza kampuni za simu zimjulishe mteja matumizi yanapofikia asilimia 75 na asilimia 100, zisibadilishe masharti ya kifurushi kabla ya muda wake kwisha, na zimwezeshe mteja kuhamishia data kwa mwingine wa mtandao huo huo. Kadhalika, mteja anayenunua tena kifurushi kile kile kabla ya muda kwisha aendelee kutumia salio lake. Haki hii ya mwisho hupotezwa na wengi kwa kuchelewa saa chache tu.

Mwenye shaka aandike salio lake usiku kabla ya kulala, azime ruta, kisha alitazame tena asubuhi. Salio likiwa limepungua ilhali ruta ilikuwa imezimwa, apeleke malalamiko kwa kampuni inayomhudumia, akionyesha tarehe, saa na kiasi. Asiporidhika na jibu, anaweza kuyafikisha TCRA.