Metali Nzito Horini: Jinsi Zinavyowadhuru Samaki Wetu

Jaa la taka la Kibarani, Mombasa, lilifungwa mwaka 2018. Miaka minne baadaye Daraja la Makupa likafunguliwa, na maji yaliyokuwa yamezuiwa na tuta la barabara tangu 1929 yakaanza tena kupita chini yake. Hata hivyo, uchafu wa miaka mingi haukuondoka na maji. Sehemu yake ingali kwenye tope.

Mabaki ya chakula huoza yakaisha. Metali nzito kama risasi, zebaki, kadimiamu na shaba haziozi. Hutoka kwenye betri kuukuu, vifaa vya umeme, rangi za vyombo vya baharini na majitaka ya viwanda. Mvua huzisomba hadi horini, nazo hutuama kwenye tope. Watafiti wamepata shaba, zinki na kadimiamu katika tope la Hori ya Makupa.

Samaki hudhurika vipi?

Kwanza ni mashavu, ambayo samaki hutumia kupumua. Metali huyachubua na kuyafanya yatoe ute mwingi, hivyo samaki hukosa hewa ya kutosha. Zikiingia mwilini hurundikana kwenye ini na figo. Shaba huharibu uwezo wa samaki wa kunusa, akashindwa kutambua chakula au adui. Wanaoumia zaidi ni mayai na vifaranga. Hapo ndipo hasara ya mvuvi ilipo, kwani samaki wengi hukulia kwenye mikoko ya hori kabla ya kwenda bahari kuu.

Je, mlaji ana hatari?

Zebaki hukaa kwenye nyama yenyewe na huzidi kwa samaki wakubwa wanaokula wenzao, kama papa. Kupika hakuiondoi. Wajawazito na watoto wadogo wapendelee samaki wadogo wa aina mbalimbali. Matumbo na maini ya samaki wa horini yatupwe. Chaza na kaa wasivunwe karibu na mifereji ya majitaka.

Mkazi afanye nini?

• Usitupe betri wala simu mbovu kwenye mtaro au ufuoni.
• Usichome nyaya wala kuyeyusha betri nyumbani.
• Usikate mikoko. Mizizi yake hushikilia tope lenye metali lisitibuke.
• Ukiona kiwanda kikimwaga majitaka horini, ripoti kwa NEMA au kwa idara ya mazingira ya kaunti.

Metali ikishaingia kwenye tope ni vigumu kuitoa. Njia rahisi ni kuizuia isifike horini.