Sinema: Wenyeji asili wa Amerika wanaposhika kamera wao wenyewe

Munamo mwezi wa kwanza mwaka 2022, filme moja ya musitu wa Amazon, inchini Brazil, ilipata zawadi mbili kwenye festivali ya Sundance huko Marekani: moja ya watazamaji, ingine ya juri. Inaitwa The Territory. Inaonyesha kabila la Uru-eu-wau-wau, watu wasiofika 200, wanaolinda musitu wao mbele ya wakata-miti na wale wanaokuja kunyanganya udongo kwa nguvu.

Wakati wa Covid, wenyeji hao walifunga njia ya kuingia kwao. Mutengenezaji wa filme, Alex Pritz, hakuweza tena kufika. Basi kamera zilitumwa kwao, na vijana wa kabila wakaendelea kupiga picha wenyewe. Walikuwa pia na droni, ndege ndogo isiyo na rubani, ya kuona kutoka juu fasi gani miti imekatwa. Picha hizo hazikuwa za sinema tu: zilikuwa ushahidi. Na kazi hiyo ni ya hatari. Mwezi wa 4 mwaka 2020, Ari Uru-eu-wau-wau, mumoja wa walinzi wa musitu, aliuawa.

Juu ya nini festivali ni ya lazima?

Filme ya namna hii haina pesa ya kujitangaza. Kwenye festivali, wanunuzi wa filme, televisheni na waandishi wa habari wanakutana fasi moja. Kisha Sundance, The Territory ilinunuliwa na National Geographic, na ikaonekana katika inchi nyingi.

Ni njia ambayo wengine walipitia mbele. Munamo 1998, Chris Eyre, mwenyeji asili wa Marekani, alileta pale Smoke Signals. Aliyeiandika na waigizaji wakubwa walikuwa pia wenyeji asili. Kwa miaka mingi, filme za Hollywood zilikuwa zinawaonyesha kama adui wa kupigwa risasi tu. Hapa ni vijana wawili wanaosafiri, wanabishana na kucheka.

Walatino, ni kusema watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, walifika milioni 62 inchini Marekani kufwatana na hesabu ya mwaka 2020. Filme ya Patricia Cardoso, Real Women Have Curves, ilipata zawadi ya watazamaji Sundance munamo 2002. Ni juu ya musichana wa Los Angeles anayetaka kusoma universite, lakini mama yake anamutaka kwenye kazi ya kushona.

Luga nayo ni swali

Mwaka 2015 huko Berlin, Ixcanul ya Jayro Bustamante, kutoka Guatemala, ilipata zawadi ya Alfred Bauer. Watu wake wanasema Kikaqchikel, luga ya Wamaya. Musichana Maria anafikishwa hospitali ambako wanasema Kihispania tu. Mwenye kumutafsiria hasemi ukweli, na Maria anaumia juu ya karatasi asiyoweza kusoma. Mukaaji wa Kivu ao Ituri aliyewekewa mbele karatasi ya Kifaransa ili atie kidole, anaelewa filme hiyo bila maelezo mengi.

Zawadi ya festivali haifukuze wakata-miti. Lakini anayekata miti usiku anajua sasa kama kuna mutu anayemupiga picha.